Kijivu cha Mwalimu Jacinta

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza leo, na mgeni naye amekuja siku hiyohiyo. Mwenyekiti wetu, Mama Oyugi, aliingia naye ukumbini akiwa amemshika mkono utadhani anamleta bibi harusi.

"Akina mama, huyu ni Gurleen, msichana wa Sukhdev wa duka la hadiwea. Amerudi nyumbani kutoka Nairobi. Atakuwa anasaidia Mwalimu kufundisha."

Kunisaidia! Nimefundisha kutarizi na kutia rangi katika ukumbi huu wa Kaloleni tangu Zadock wangu ananyonya, na sasa Zadock ana ndevu. Sijawahi kumwomba mtu msaada. Kama Mama Oyugi aliona nimechoka, angeniambia mimi kwanza, si mbele ya darasa zima.

Huyo Gurleen ana miaka thelathini hivi, mrefu, na msuko wake mmoja unafika kiunoni. Aliwasalimia wanawake kwa Kijaluo: "Amosou uduto!" Wakapiga makofi. Mimi huwasalimia kwa Kijaluo kila Jumanne na kila Alhamisi, na sijasikia kofi hata moja.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua kubwa. Darasa limejaa. Kawaida mvua ikinyesha hawaji.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimemwona akishona. Ni mshono wa kwao Punjab, alifundishwa na nyanya yake. Anashona kitambaa kikiwa kimegeuzwa. Mgongo wa kitambaa ndio unaomtazama, uso uko chini na hauoni kabisa, anahesabu nyuzi za kitambaa kwa ncha ya sindano. Akimaliza anageuza, na maua yako pale, hariri inang'aa, hakuna hata moja lililopinda.

Wanafunzi wangu wote wanajua neno langu moja: "Geuza nione mgongo." Uvivu wa mshonaji hujificha mgongoni, kwenye mafundo na nyuzi zilizorukishwa. Kwa hiyo nilikichukua kitambaa cha Gurleen nikatafuta fundo. Nikatafuta tena karibu na dirisha. Nikamrudishia, nikamwambia, "Si mbaya."

"Asante, Mwalimu," akasema, na akafurahi kweli. Hata hilo likaniudhi.

Anyango alikuwa amesimama nyuma yake, mdomo wazi. Anyango ni wangu. Alinijia akiwa na miaka kumi na sita, mamake ametoka kuzikwa, hajui kutunga uzi kwenye sindano. Nilimkalisha kando yangu. Nilimfundisha mshono wa mnyororo, mshono wa kujaza, kuchemsha kitambaa cha amerikani mpaka wanga utoke, kila kitu. Sasa ana miaka ishirini na minne na hakuna mkono mzuri kuliko wake katika mtaa huu, ukiondoa wangu. Kila mtu anajua kwamba nikistaafu darasa ni lake.

Alhamisi, 20 Machi

Anyango amehamia meza ya Gurleen. "Naangalia tu kidogo, Mwalimu," aliniambia. Kidogo hicho kilichukua asubuhi nzima.

Jumapili, 23 Machi

Nilikuwa nakatakata sukuma wiki, Gordon ameketi mlangoni na redio yake.

"Mama Zadock," akasema, "hiyo sukuma imekukosea nini?"

"Haijanikosea."

"Basi ni yule msichana wa Sukhdev. Huo ni wivu, mama."

"Wivu? Mimi nina nini cha kumwonea wivu mtoto wa juzi?"

"Sasa si ndiyo nakuuliza?" Akaongeza sauti ya redio.

Mume anayestaafu mapema ni adhabu.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Anyango bado yuko meza ile.

Jumanne, 1 Aprili

Wazee wa kanisa walikuja leo. Kanisa jipya litafunguliwa Jumapili ya kwanza ya Juni na wanataka kitambaa cha altare kitoke kwetu, kitiwe rangi hapa na kitariziwe hapa. Niliwatolea kitambaa cha ile rangi yangu ya kijivu. Mzee mmoja akakipapasa, akakisifu, kisha akasema, "Lakini kijivu ni ya matanga, Mwalimu. Sisi tunataka kitu ya kung'aa."

Gurleen akatoa kipande kwenye mkoba wake. Dhahabu. Alikipata kwa maganda ya vitunguu na shabu, ile shabu ambayo vinyozi hupaka kidevuni. Takataka za sokoni Kibuye! Wazee wakakishika kwa zamu na hawakutaka kukirudisha.

Mama Oyugi akaamua papo hapo. Rangi itakuwa hiyo ya Gurleen. Msimamizi wa kazi yote, kuanzia sufuria mpaka uzi wa mwisho, atakuwa Anyango, na kazi ikienda vizuri ataajiriwa mwalimu msaidizi. Nilikuwa nimeomba jambo hilo kwa miaka. Ningefurahi, lakini Anyango alipoinuka kushukuru alianza na Gurleen.

Alhamisi, 3 Aprili

Anyango alikaa nami leo baada ya darasa. Nilidhani amerudi. Kumbe alitaka kuuliza tena kuhusu kijivu.

Kijivu changu kinajulikana mpaka Maseno. Kimetulia, hakichuji, na hakuna mwingine anayeweza kukitoa. Wote wanajua nachemsha majani ya chai, na wote wamejaribu kwao nyumbani wakapata hudhurungi. Wasichojua ni pipa. Nyuma ya ukumbi, chini ya dirisha langu, kuna pipa la chuma linalokinga mvua kutoka bati la zamani. Limeliwa na kutu, na humo ndani nimetupa misumari mizee ya kila aina. Kutu ya yale maji ikikutana na chai, hudhurungi inageuka kijivu. Watu wanafikiri ni pipa la kuoshea sakafu. Nimewaacha wafikiri.

"Nimejaribu tena, Mwalimu," akasema. "Inatoka tu brauni. Nakosea wapi?"

"Hukosei," nikamjibu kama ninavyomjibu siku zote. "Ni mkono. Kuna rangi zinataka mkono fulani."

Akaitazama mikono yake. Ningemwambia mwaka huu, nilikuwa nimekata shauri. Sasa nikimwambia, jioni hiyohiyo Gurleen atajua.

Jumanne, 8 Aprili

Ziwa limepanda, wanasema kule Dunga maji yameingia vibandani. Mfereji wa ukumbi unatoa tope. Tunatumia tangi la plastiki lililo upande wa bati jipya.

Alhamisi, 10 Aprili

Wanamwiga Gurleen namna anavyofunga leso kichwani. Mama Oyugi pia, na umri wake wote!

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Nimechomwa na sindano kama mwanafunzi.

Alhamisi, 24 Aprili

Nitaiandika siku hii yote.

Gurleen hakuja, walikuwa na shughuli kwenye gurdwara, hekalu lao. Alikuwa amemwachia Anyango kazi ya rangi. Kitambaa kilikuwa tayari, kizuri, kimechemshwa na kulazwa kwenye shabu tangu Jumanne. Kilichobaki ni kuchemsha maganda na kukitumbukiza. Jana kulikuwa na matanga ukumbini, na waombolezaji walipika kwa maji ya tangi mpaka likakauka. Usiku mvua haikunyesha, kwa mara ya kwanza mwezi mzima.

Nilikuwa nimeketi mahali pangu. Anyango akatokea nje ya dirisha na ndoo.

"Mwalimu, tangi imeisha. Hii maji ya dramu iko safi?"

Niliinua kichwa. Alikuwa ameshika ndoo kwa mikono miwili, miguu imejaa matope, na kichwani amefunga leso ile ile ya akina Gurleen, fundo upande wa kushoto.

"Ni maji ya mvua," nikasema.

"Iko brauni kidogo."

"Maganda ya vitunguu yenyewe ni rangi gani?"

Akacheka. "Kweli. Ero kamano, Mwalimu," akanishukuru. Akachota. Akarudi akachota tena, mara nyingi, mpaka sufuria kubwa ikajaa, nami nilikuwa namsikia kila mara ndoo ikigonga pipa. Nilikuwa na muda wote wa kusema. Niliendelea kutarizi jani kwenye mto wa kochi, na nilishona vizuri.

Kabla ya saa sita wanawake walikuwa wamezunguka sufuria. Anyango aliinua kitambaa kwa mwiko. Hakikuwa dhahabu. Kilikuwa kama mchicha uliolala sufuriani siku mbili, kijani cha giza chenye madoa. Akakirudisha ndani, akakoroga, akakitoa tena. Akakisuuza. Hakikubadilika.

"Yawa," Mama Oyugi akasema. "Anyango, umefanya nini?"

"Nimefanya vile Gurleen alisema. Yote. Sijaruka kitu."

"Sasa mbona imekataa?"

Ndipo mmoja wa wanawake akasema, bila ubaya wowote, "Labda ni mkono. Mwalimu husema kuna rangi zinataka mkono."

Wote wakanitazama. Anyango pia.

Sikusema ndiyo. Niliinama kutafuta mkasi.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilifurahi. Naandika ukweli. Jana jioni nilipika samaki, nikamtania Gordon, nikaimba nikiosha vyombo. Leo asubuhi bado nilikuwa na furaha kidogo.

Jumanne, 29 Aprili

Gurleen amerudi. Alikitandaza kile kitambaa mezani, akakinusa, akakipapasa. Akauliza jambo moja tu: "Ulichota maji wapi?"

"Kwa dramu ya nyuma," Anyango akamjibu. "Ni ya mvua."

Gurleen akatembea mpaka dirishani kwangu, akatazama nje. Kisha akanitazama mimi, kitambo. Lakini akarudi mezani, akasema, "Tutafanya ingine. Wakati uko."

Mama Oyugi hakukubali kirahisi. Kanisa limekubali kununua amerikani nyingine, lakini hawataki kubahatisha mara ya pili. Msimamizi sasa ni mimi. Anyango atasaidia kukata nyuzi.

Basi nimepata kila nilichotaka.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Mvua.

Jumanne, 6 Mei

Anyango hakuja.

Alhamisi, 8 Mei

Hakuja. Gurleen alifanya kazi yake na hakuniuliza kitu, na mimi sikumwambia kitu. Tuliketi meza moja asubuhi yote. Nilirukisha nyuzi mahali pawili nikalazimika kufumua.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya kanisa nilikwenda kwa Anyango. Anakaa chumba kimoja upande wa pili wa mtaa, na nilimkuta anapanga nguo kwenye gunia. Alinipa kiti, yeye akakaa kitandani.

"Shangazi ananiita kwake Sondu," akasema. "Niende nimsaidie kuuza nyanya. Nitaenda Jumatano."

"Na sindano?"

"Sindano ni ya nini, Mwalimu?"

"Kitambaa kimoja kuharibika si kitu. Mimi nimeharibu vingi."

"Si kitambaa." Alikuwa anakunja sweta, akaikunjua, akaikunja tena. "Wewe mwenyewe uliniambia ni mkono. Tangu zamani. Mimi nilikuwa nafikiri unanitania ndio nijikaze. Nikajaribu kijivu, ikakataa. Nikapewa ya Gurleen, ile rahisi, hata hiyo imekataa. Sasa mtu kama hana mkono, ataupata wapi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote tayari, pipa, kutu, misumari. Nikaona kijivu changu kikining'inia kwenye kamba za kila nyumba Kaloleni, kila mtu ameshakijua, na watu wa Maseno hawana tena haja ya kunitafuta. Nikaona Gurleen akitabasamu.

"Njoo Jumanne," nikamwambia. "Kabla hujaenda. Njoo tu."

"Kufanya nini?"

"Njoo tu, nyathina, mwanangu."

Nilitembea nyumbani kwenye mvua na mwavuli umefungwa mkononi. Gordon akaniuliza kama mwavuli umeharibika. Nilianza kulia, na maskini hakujua amesema nini kibaya.

Jumatatu, 12 Mei

Nimechukia siku nzima. Nimemchukia Gurleen kwa kuja, Mama Oyugi kwa kumleta, Anyango kwa kuniamini. Nilifikiria kumwambia Anyango peke yake, faraghani, na kumwapisha. Halafu nikaona wale wanawake bado watakuwa wanasema hana mkono. Waliyaona makosa yake hadharani.

Jumanne, 13 Mei

Alikuja. Alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani kama mgeni.

Niliwasha majiko matatu. Sufuria mbili niliweka maganda ya vitunguu, moja kwa maji ya tangi, nyingine kwa maji ya pipa. Ya tatu niliweka majani ya chai. Nilikata vipande vya amerikani iliyokwisha kulazwa kwenye shabu, nikavitumbukiza. Walifikiri nimerukwa na akili, nadhani.

Kipande cha kwanza kilitoka dhahabu. Cha pili kilitoka mchicha, rangi ileile ya kitambaa cha altare. Kipande cha tatu kilitoka hudhurungi kwenye chai. Nikakipeleka nje, wote wakanifuata, nikakizamisha kwenye pipa. Tulisimama tukingoja. Kikaanza kuingia kijivu, polepole, kuanzia pembeni.

"Hii ndiyo kijivu yangu," nikawaambia. "Hakuna mkono. Hakujawahi kuwa na mkono. Ni kutu na misumari. Anyango hakukosea kitu. Angejua mambo ya hii dramu kama ningekuwa nimemfundisha, na sikumfundisha, kwa sababu nilitaka iwe yangu peke yangu."

"Lakini, Mwalimu," Mama Oyugi akaanza, "wewe ile siku ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale dirishani."

Anyango akasogea mbele. "Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasema ni ya mvua."

"Nilisema."

"Ulijua itaharibika?"

"Nilijua."

Mvua ikaanza tena, na hakuna aliyekimbia. Anyango alinitazama kama mtu anayetafuta fundo kwenye mgongo wa kitambaa. Kisha akasema, "Sawa," akaingia ndani. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, na Mama Oyugi alipita akitikisa kichwa.

Nilibaki na Gurleen pale kwenye pipa, tumelowa wote wawili.

"Wewe ulijua," nikamwambia.

"Kijivu nilijua wiki ya kwanza tu. Nyanya yangu alikuwa anaweka misumari kwa sufuria. Niliona dramu, nikasema, ah, hii ni ya Mwalimu, si yangu ya kusema." Akakamua ncha ya msuko wake. "Na ile ingine nilijua siku nimerudi."

"Mbona ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme."

"Na ningekosa kusema?"

"Anyango aliniambia anaenda kesho," akasema, bila kunikwepa. "Ningesema leo jioni."

Kwa hiyo siri yangu ilikuwa mikononi mwake tangu Machi na hakuigusa. Hata kwa wema amenitangulia. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka aanguke kwenye matope, yote kwa pamoja.

Alhamisi, 15 Mei

Anyango hakwenda Sondu. Nilimwambia Mama Oyugi amrudishie kazi, akasema alikuwa ameshamrudishia bila ushauri wangu. Kitambaa kipya kimetoka dhahabu tupu. Nimekata nyuzi.

Jumanne, 20 Mei

Nyumba tatu zina kijivu kwenye kamba. Kimoja ni kizuri kuliko changu.

Alhamisi, 29 Mei

Kimekamilika. Katikati ni mganda wa mtama, mshono wangu wa kujaza. Ukingoni ni maua ya Punjab. Anyango alivishona vyote viwili. Hakunionyesha mgongo na mimi sikuomba kuuona. Ananijibu nikimsemesha. Hanisemeshi.

Jumapili, 1 Juni

Kanisa lilijaa mpaka nje. Jua lilitoka, mara ya kwanza tangu sijui lini, likaingia kwa madirisha mapya moja kwa moja juu ya altare. Watu waliguna kwa pamoja kwa kustaajabu. Gordon akaninong'oneza, "Mama Zadock, hiyo ni kazi," nami nikamwambia anyamaze, mhubiri amesimama.

Gurleen alikuwa ameketi kiti cha nyuma na babake, Sukhdev mwenyewe, kilemba cha buluu kimefungwa vizuri. Walialikwa na Anyango.

Ibada ilipoisha nilingoja mlangoni. Nilikuwa nimepanga la kusema tangu jana. Anyango akatoka kati ya watu waliokuwa wakimpongeza, akaniona, akaja. Alinipa mkono na kukunja goti kidogo, kama anavyomfanyia mama yeyote wa mtaa.

"Amosi, Mama Zadock," akanisalimu.

Miaka minane yote hajawahi kuniita hivyo, siku zote mimi ni Mwalimu. Niliyokuwa nimeyapanga yakapotea. Nikasema kitambaa ni kizuri. Akasema asante. Gurleen naye akafika na kusimama kando yangu, akinisalimia kwa furaha zake zile zile, na Anyango akashuka ngazi kuelekea barabarani, ambako wanawake wa darasa walikuwa wakimngojea wapigwe picha.

Alipofika chini aligeuka akapunga mkono.

"Mwalimu, twende!"

Tuligeuka wote wawili, mimi na Gurleen.